Mabati ya Wifi

Marehemu shangazi, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu wa sala kwelikweli. Ila kuna mtu mmoja aliyemtia majaribuni kila siku: wifi yake, mjane wa kaka yake, aliyekaa ng'ambo ya ua.

Wivu ulianzia juu ya paa. Serikali ilipoleta ruzuku, kila mkulima alilipwa kwa ukubwa wa shamba lake la mahindi. Wifi akaezeka nyumba nzima kwa mabati. Shangazi akaambulia jembe na kanga. Tangu hapo mvua ikawa adui yake: mabati ya jirani yanarindima, yeye chini ya nyasi anasukuma kitanda huku na huku kukwepa matone.

"Anaringa huyo," alinung'unika, kana kwamba wifi ndiye aliyeleta mawingu.

Kwenye maombi ya akina mama alifumbua jicho moja kuona kama wifi kavaa kitenge kipya. Alikuwa kavaa.

Fundi cherehani naye hakumwonea huruma. "Mama, mwaka huu wifi yako ataezeka mpaka banda la kuku!"

"Na aezeke. Kuku wake wenyewe hawatagi."

Kilichomuuma zaidi hakuweza kumwambia mtu. Bwana shamba alipokuja kupima mara ya kwanza, shangazi alidhani ni mambo ya kodi. Akamwonyesha kipande kile cha nyuma ya jiko, kisha akanyoosha kidole bondeni, kwenye shamba lake kubwa: "Lile? La wifi yangu lile." Wifi alikuwa amesimama pale pale, bado na nguo za msiba. Alimtazama, akainamisha kichwa, akanyamaza. Kwa hiyo yale mabati, ukiyafuata mpaka mwisho, yalitoka kwenye mahindi ya shangazi.

Bwana shamba aliporudi kupima upya, majirani walijaa. Shangazi alikuwa ameshapanga maneno: kwamba kosa ni la mpimaji, na wifi kalikalia kimya kama mwizi. Lakini wifi akamtangulia.

"Bwana shamba," wifi alisema, "la bondeni si langu. Ni la wifi yangu huyu."

"Mbona alisema mwenyewe ni lako?"

"Nilikuwa nimetoka kuzika. Watoto wanalala njaa. Akaona aniachie fungu lake, wala hakutaka nimshukuru mbele za watu." Akamgeukia shangazi. "Kila usiku nakuombea. Sasa nimesimama, wifi. Chukua chako."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akamkumbatia shangazi, "Kumbe una moyo hivyo, na umekaa kimya!" Shangazi akatabasamu kama mtu aliyekanyaga mwiba. Alikuwa amepata shamba, na sifa juu yake. Ila wema wenyewe ulikuwa wa yule mwingine, na hilo walilijua yeye na Mungu tu.

Ruzuku ilitoka, naye akaezeka. Mvua ya kwanza ilipopiga alitulia kitandani, pakavu, akitega sikio: paa la nani linarindima zaidi? Halafu akashuka, akapiga magoti, akamwomba Mungu ampe moyo kama wa wifi.

Alifikiri kidogo, akaongeza: "Ila wangu, Baba, uwe mkubwa kuliko wake."