Pombe Inayostahimili Maji

Nakumbuka siku ile shangazi yangu alipoingiza mrija kwenye chungu nilichopika mimi, akavuta kidogo, akautoa, akanitazama. Nilikuwa msichana mdogo pale Igamba, na nilikuwa nasubiri sifa. Sifa hazikuja.

Nimeikumbuka kwa sababu yako, Mwanangu Upendo. Juzi ulinipigia simu kutoka Tunduma ukasema, "Mama mkubwa, nataka kutengeneza pombe nyeusi, nzito, kali kuliko zote za dukani. Nipe vipimo vya ulezi." Ukanieleza habari za ndoo zako huko nyuma ya chumba, za kahawa ya Mbozi utakayotia, za sukari guru, na ukacheka kwamba unataka mtu akinywa glasi moja tu aombe kiti. Na mimi nilicheka, lakini vipimo sikukupa. Nilisema nitakujibu vizuri. Basi jibu ndilo hili, na lina mzunguko kidogo. Sisi wazee ukituuliza njia ya kisimani tunaanza na aliyekichimba.

Unajua kimpumu, pombe yetu ya ulezi, inavyonywewa. Chungu kimoja katikati, watu wamekizunguka, kila mtu na mrija wake, na birika la maji ya moto pembeni. Pombe ikipungua mnaongeza maji, mnavuta tena. Nyumbani kwetu ilikuwa mwiko kuinuka wakati chungu bado kina ladha. Mpaka ifike mahali mnavuta maji matupu, ndipo mtu anaaga. Kwa hiyo watu waliokosana waliwekwa kwenye chungu kimoja. Hakuna aliyewalazimisha kuongea. Lakini ukae na mtu tangu mchana, vichwa vyenu vinakaribia kugongana juu ya chungu kile kile, utanyamaza mpaka lini? Mtaanza na mvua, mtahamia kwenye ng'ombe, na jua likianza kushuka neno lenyewe litatoka.

Waliokosana safari ile walikuwa baba yangu na kaka yangu Yoramu. Yoramu alikuwa mtoto wa kwanza, na alitaka kuvuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Zambia. Baba alimuuliza swali moja tu: "Na hii mibuni nimempandia nani?" Yoramu akajibu vibaya, na tangu hapo hawakusemezana. Baba akitaka jembe lililo mkononi mwa Yoramu, ananiita mimi nikiwa jikoni nije nimwombee, nao wamesimama mstari mmoja wa mahindi! Ungecheka. Sisi tulicheka kwa kujificha, mpaka siku ya safari ilipojulikana, na kicheko kikakoma.

Shangazi Eliza, dada yake baba, alisema mtoto hataondoka hivyo. Watakaa kwenye chungu siku moja kabla ya safari. Na kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kusumbuliwa na moshi, alinikabidhi mimi kazi ya kupika. Akanielekeza: unga wa ulezi ukandwe, uachwe uchachuke, kisha ukaangwe mpaka uwe rangi ya udongo. Sehemu ndogo tu iachwe motoni hadi iwe nyeusi, kwa ajili ya rangi na ule uchungu mzuri. Kimea kisiguswe na moto hata kidogo. "Kimea kilichoungua kimekufa," alisema, "na maiti hailei mtoto."

Nilisikia yote. Lakini nilikuwa na hesabu zangu, Mwanangu. Nilimpenda Yoramu. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi, jambo ambalo msichana hakutakiwa kulijua, na tulikuwa tunaitana kwa mluzi kutoka bonde hadi bonde. Nilitaka abaki. Nikawaza kwamba pombe ikiwa kali zaidi, moyo wa baba utalainika mapema zaidi, na wa Yoramu pia, na kesho yake lori la kwenda Zambia litaondoka bila yeye. Basi unga wote nikaukaanga hadi ukawa mweusi. Kimea nikaongeza maradufu. Mwisho nikamiminia kibuyu kizima cha asali iliyotoka Kamsamba, maji nikapunguza, nikafunika. Nikajiona fundi kuliko mafundi wote wa Mbozi.

Siku ilipofika, baba na Yoramu wakiwa tayari wameketi kwenye vigoda uani, ndipo shangazi akaonja, kama ilivyo desturi mpikaji na wenyeji waonje kwanza. Akanivuta pembeni.

"Ni tamu," alisema. "Na ni kali. Sasa niambie, umempikia nani?"

"Baba na kaka."

"Mimi nilikuomba pombe ya kuwakalisha watu. Wewe umepika ya kuwalaza. Mwanangu, pombe kali ni ile inayostahimili maji. Ukali haupimwi kwa mvuto wa kwanza, unapimwa kwa birika la mwisho."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila siku ile guu lililovunjika halikuwa langu peke yangu. Shangazi aliongeza maji mengi, lakini wanaume walikuwa na kiu na aibu, wakavuta kwa nguvu ili wasitazamane. Muda si mrefu nyuso zikafunguka. Baba akacheka kitu ambacho hakuna aliyekisema. Halafu akaweka mkono kwenye goti la Yoramu, nami moyo ukanidunda kwa furaha.

"Yoramu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule kulisikia jina hilo kinywani mwake. "Yoramu, nataka nikuambie..."

Kidevu kikaanguka kifuani. Yoramu alimsubiri. Alimsubiri huku mrija uko mkononi na machozi yamemlenga, hadi naye macho yakamzidi, akaegemea ukuta. Jua bado lilikuwa juu. Shangazi na mimi tukabaki tunatazama chungu ambacho bado kilikuwa na ladha.

Alfajiri lori lilipiga honi barabarani. Yoramu alisimama mlangoni kwa baba, akamwita, baba akageuka upande wa pili na kuendelea kukoroma. "Mwambie nimeondoka," Yoramu aliniambia. Kwenye kona ya barabara akapiga mluzi. Nilijaribu kuujibu, lakini midomo ilikuwa inatetemeka, na mluzi hautoki kwenye midomo inayolia.

Baba alipoamka alitoka na kigoda chake, akakaa pale pale uani, akauliza, "Yuko wapi?" Tulipomwambia, aligeuka akatazama barabarani. Kisha akamwambia shangazi, "Nilitaka kumwambia aende. Aende, lakini asijenge huko. Nyumba yake ipo hapa."

Tulituma neno lile kwa madereva, tukalituma tena na tena. Labda lilifika, labda liliishia kwenye vilabu vya njiani. Tulisikia kwamba yuko Kitwe, baadaye tukasikia amehama, baadaye hatukusikia kitu. Baba alikufa akiwa ameacha kipande cha uwanja bila kukilima, pale ambapo Yoramu angejenga. Mimi hadi leo sijui kama kaka yangu yuko hai. Ninapokuja kwako Tunduma, Mwanangu, nikakuomba tupite njia ya mpakani, wewe hudhani mama mkubwa anapenda vitenge vya Zambia. Ninatazama wazee wanaovuka. Ninatafuta mmoja mwenye mwendo wa baba. Nimemkumbuka Yoramu, nimemkumbuka mno, na umri haupunguzi.

Sasa vipimo. Unga mwingi uwe rangi ya udongo, mweusi uwe mchache, vinginevyo utawanywesha watu majivu. Kimea kikaushe kwa jua, moto usikione. Sukari guru tia kwa mkono wa mchoyo, maana utamu ule hulewesha upesi na kuondoka upesi, ulezi ndio unaobaki. Kahawa iweke mwisho kabisa, pombe ikiwa imepoa na kutulia. Kisha usiiharakishe. Kawia ufike. Iache yenyewe ikuambie kwamba iko tayari, na uonje wewe kwanza kabla ya mgeni.

Ipike iwe kali, sikukatazi. Lakini kabla hujaipima kwa glasi ya kwanza, jiulize itawakalisha watu kwa muda gani. Na kama una neno la kumwambia unayempenda, usiliwekee akiba kwenye pombe, yangu wala yako. Liseme asubuhi, mtu akiwa amesimama kwa miguu yake, hata kama sauti inakukwama.

Mungu akupe mkono mtulivu kwenye moto na ulimi usiochelewa. Akujazie uani watu wasio na haraka ya kuinuka. Na kila atakayetoka mlangoni kwako, Mwanangu, atoke amesikia kwa masikio yake kwamba anasubiriwa.