Lami Isiyofuka Moshi

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, mtaani, hata kwa wakwe zake, aliitwa Reki, kwa sababu ya chombo alichokishika tangu ujana wake: reki pana ya chuma yenye mpini mrefu, ya kusawazishia lami ya moto kabla rola haijapita juu yake. Wapo waliodhani ni kazi ya misuli. Reki mwenyewe alisema ni kazi ya kuwahi. Tipa likishamwaga, lami ni laini na inasikia amri. Ukizubaa kidogo tu inapoa, inagoma, na kinundu ulichokiacha kitarusha magari mpaka siku barabara itakapofumuliwa. Yeye hakuwa mtu wa kuzubaa. Watu waliweza kupita na baiskeli kwenye barabara zake wamebeba trei ya mayai, na alipenda kulisema hilo, mara nyingine akitia chumvi.

Lakini lami ya moto inafuka, na mwenye reki husimama nayo uso kwa uso. Dereva wa rola yuko juu kwenye kiti chake, dereva wa tipa yuko ndani ya kioo. Anayeinamia moshi ni mshika reki. Moshi wenyewe ni wa samawati, mzito, unaingia machoni, unashuka kooni, unakaa ulimini mpaka chakula cha mchana kinakuwa na ladha ya barabara. Reki alijifunga kitambaa puani. Kitambaa kilikuwa cheusi kabla ya saa nne.

Nyumbani mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, alikuwa na sheria zake. Nguo za kazi hazikuvuka mlango. Zilibaki kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Reki alijisugua kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kisha sabuni tena, ndipo akaruhusiwa kukaa kwenye kochi. Hata hivyo mto wake ulinuka.

"Watu wameolewa na wanaume," mkewe alikuwa akiwaambia wateja, "mimi nimeolewa na barabara kuu."

Utani huo aliuacha kikohozi cha Reki kilipoanza. Mwanzoni walikiita mafua. Kisha wakakiita vumbi. Mwishowe hawakukiita kitu, kwa kuwa kilikuwa kimeshahamia pale nyumbani, na yeye mkewe, akiwa amebana pini midomoni, alikuwa akisimamisha mashine kila kilipopanda, akasubiri kiishe, ndipo akaendelea kushona. Mjukuu wao, mtoto wa binti yao aliyekuwa akilelewa pale, alikuwa bado hajajua kutamka vizuri, lakini akiinuliwa na babu yake aligeuza uso na kulia. Reki alimrudisha kwa bibi yake.

Hospitali daktari alimpiga picha ya kifua, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Lami."

"Basi iache."

"Niende wapi, daktari?"

Daktari alimwandikia dawa ya kuvuta mdomoni.

Hapo ndipo alipokuja injinia. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, aliyetumwa kusimamia kipande cha barabara ya kuelekea machinjioni. Aliwakusanya wote kando ya greda akawaeleza kwamba barabara ile itakuwa ya majaribio. Lami yake ingetiwa unga fulani kule kiwandani ili isihitaji kupikwa kwa moto mkali. Kiwanda kingechoma mafuta machache zaidi. Na lami kuukuu watakayoikwangua haitatupwa bondeni kama kawaida. Itasagwa na kurudishwa kwenye mchanganyiko mpya.

"Na moshi?" aliuliza Reki.

"Utakuwa mdogo mno. Utauona mwenyewe."

Dereva wa rola, rafiki yake wa tangu zamani, akamnong'oneza, "Tumeletewa lami ya wagonjwa. Isiyo na viungo."

Walicheka wote. Siku tipa la kwanza lilipoinua mgongo na kumwaga, hawakucheka. Mzigo uliteremka mweusi, unang'aa, na juu yake hewa ilikuwa tupu. Nyapara akamkimbilia dereva wa tipa akifoka, "Umelala njiani wewe? Lami imekufa hii!" Dereva akaapa kwamba ametoka kiwandani moja kwa moja. Reki hakungoja wamalize. Aliichoma reki ndani ya rundo, akavuta. Lami ikamfuata, laini, tiifu, kama ile ya siku zote. Akavuta tena. Alikuwa ameshika pumzi kwa mazoea. Ilipomshinda akaiachia, akavuta hewa, akasubiri kooni kuwashe. Hakukuwasha.

"Vipi?" dereva wa rola alimwuliza kutoka juu.

"Nasikia harufu ya machinjioni," Reki akasema, na watu wakaangua kicheko, lakini yeye hakuwa anatania. Miaka na miaka hakuwa amesikia harufu ya mahali anapofanyia kazi.

Zile zilikuwa wiki njema. Kitambaa alikiacha mfukoni. Kifua hakikupona, maana kilichoharibika kilikuwa kimeharibika, ila kilitulia. Aliweza kupanda ngazi za kituo cha mabasi bila kusimama katikati. Chakula kilirudisha ladha, akaanza kulalamika kuhusu chumvi, na mkewe, aliyepikia mtu asiyejali kwa muda mrefu, alikasirika na kufurahi kwa pamoja. Ndoo ya nguo ilibaki nyuma ya nyumba, lakini sabuni ya pili haikuhitajika. Jioni moja mjukuu alimpanda kifuani pale kwenye kochi, akajilaza, akasinzia. Reki hakuthubutu kusogea. Mguu ukafa ganzi. Mkewe alipotoka jikoni akawakuta hivyo, alirudi alikotoka akajifanya ana kazi.

Alirudi hospitali kwa furaha kama mtu anayepeleka habari. Daktari akamsikiliza mgongo, akamwambia ukweli: makovu hayafutiki. "Lakini kama huko kazini moshi umekwisha kweli, unaweza kwenda nayo miaka mingi. Ukirudi kwenye ule wa zamani, sitakuficha, mzee. Itakuwa haraka."

"Umekwisha," alisema Reki. "Sasa tuna lami ya kisasa."

Barabara ya machinjioni ilipokamilika wakaja wageni. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki vyenye vitambaa, na hotuba ndefu juu ya hewa safi na vizazi vijavyo. Mgeni mmoja alitaka kupigwa picha na mfanyakazi, wakamsukuma mbele Reki na reki yake, wakamwambia atabasamu. Alitabasamu kwa moyo wote. Picha ile mkewe aliibandika ukutani juu ya cherehani.

Jumatatu iliyofuata walihamishiwa barabara ya upande wa pili wa mji. Tipa likainua mgongo, mzigo ukateremka, na wingu la samawati likapanda juu ya vichwa vyao. Reki alirudi nyuma akikohoa. Alidhani kuna kosa.

"Bosi," alimwambia nyapara, "hawa wamesahau unga."

"Hawajasahau. Unga ulikuwa wa majaribio. Majaribio yamekwisha."

"Kwani yameshindwa?"

"Yameshindwa wapi! Yamefaulu, tena vizuri sana. Hukusikia walivyosema pale kwenye hema? Haya, wahi mzigo, unapoa."

Reki akakitoa kile kitambaa mfukoni, akajifunga, akawahi mzigo.

Mchana huo alimfuata injinia ofisini, chumba cha mbao chenye feni iliyokufa. Alimkuta anapanga vitu vyake kwenye maboksi. Amehamishwa.

"Dada injinia, samahani. Nataka kujua ule unga utarudi lini."

Yule mama aliacha kupanga. Hakumzungusha. Alimwambia kwamba magunia yalitolewa na wafadhili kwa kipande kile tu. Kuyaendeleza kulihitaji kanuni za zabuni ziandikwe upya, kwa kuwa zilizopo zinataja lami ya moto, basi. Na mkandarasi anayeleta kisichotajwa ananyimwa kazi. Ameandika ripoti. Ameandika mapendekezo. Mafuta yaliyookolewa kiwandani ameyaonyesha.

"Na sisi umetuandika?"

"Nimeandika kwamba mazingira ya wafanyakazi yaliboreka."

"Basi wakisoma hapo watarudisha."

Injinia aliangalia chini, kwenye maboksi. "Mzee wangu, ningekuwa naweza kukudanganya ningekudanganya. Wameshaisoma. Wameipongeza. Iko kabatini."

Alimpa mkono. Reki alijikuta anamhurumia, maana macho yalikuwa yamemlowa na hakuwa na boksi la kuyafichia.

Nyumbani mkewe alimnusa kabla hajafika kwenye ndoo. Alitoka na sabuni zote mbili, akaziweka kwenye jiwe, akasimama pale mikono kiunoni.

"Acha kazi, baba watoto."

"Tutakula nini?"

"Nitashona usiku na mchana."

"Sare zinashonwa Januari tu, mama. Miezi mingine watoto wanakua taratibu."

Alijaribu hata hivyo. Aliomba kushika kibendera, kazi ya kusimamisha magari, ambayo hufanywa mbali kidogo na moshi. Nyapara alimwambia kibendera kina wenyewe: mmoja alikatwa vidole na mashine, mwingine haoni vizuri. "Wewe bado mzima, Reki. Na hapa hakuna mwenye mkono kama wako." Alisema kwa kumsifu. Alijaribu kuuza mkaa na shemeji yake, lakini vumbi la mkaa lilimlaza kitandani kabla mwezi haujaisha. Alijaribu ulinzi kwenye ghala. Wakataka mtu anayeweza kukimbia. Basi akarudi kwenye reki, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inamjua.

Daktari hakuwa amekosea. Ilikuwa haraka. Kwanza aliacha kuongea wakati wa kazi, kisha akawa anafanya nusu ya upana wa barabara na wenzake wanaiba muda kummalizia nusu nyingine, wakijifanya wanasaidia tu. Kwa mara ya kwanza vinundu vilibaki. Siku moja aliegemea mpini, mpini ukateleza, akapiga magoti ukingoni mwa lami inayofuka. Dereva wa rola alizima mashine, akaruka chini, akambeba mgongoni hadi kwenye kivuli cha tipa. Hakurudi tena kazini. Kampuni ilimpa barua ya shukrani na jozi ya buti mpya alizostahili tangu mwaka uliotangulia.

Sasa anakaa kwenye kiti karibu na cherehani, mito miwili mgongoni, kwa kuwa akilala chali anazama. Mjukuu amekua, anajua kusema, anamletea maji na kumwuliza mbona anapumua kama mlango. Anamjibu kwamba mlango umekosa mafuta. Picha ya ukutani mkewe aliitoa. Rangi ya mahali hapo ilibaki angavu kuliko ukuta uliobaki, akaning'iniza hapo futi yake ya kupimia.

Wenzake wanakuja Jumapili, na mara chache siku za kazi wakipita karibu. Siku moja walikuja moja kwa moja kutoka barabarani, dereva wa rola na nyapara, na walipoingia tu na nguo zao, kifua cha Reki kilifunga. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Mkewe aliwatoa nje, si kwa ukali, akawawekea kigoda na ndoo iliyopinduliwa chini ya dirisha. Wakazungumza naye kupitia dirishani, wao wameketi juani, yeye ndani, kama watu wanaomtembelea mfungwa.

"Ile barabara ya machinjioni," dereva wa rola alisema, "haijatoboka hata tundu moja. Malori ya ng'ombe yanapita kila siku. Zile nyingine tulizopiga baada yake zimeshakuwa chujio."

Reki akaitikia kwa kichwa. Hilo alilijua, mkono ulikuwa wake.

"Na kuna habari njema," nyapara akaongeza kwa furaha ya kweli. "Wanakuja wafadhili wengine. Kuna lami wanataka kuijaribu, haitoi moshi. Kipande kifupi tu, kule uwanja wa michezo. Wanasema haijawahi kufanyika hapa."

Dereva wa rola aliinamisha kichwa, akaanza kubandua lami iliyogandia kwenye soli ya buti.

"Utakuwepo wewe?" Reki alimwuliza nyapara. Maneno mawili, na katikati yake alipumzika.

"Nitakuwepo, bila shaka."

"Waambie…" alisema Reki, kisha pumzi ikakatika. Walingoja. Alipoipata tena aliitazama ile futi ukutani, akapunga mkono kwamba basi, si kitu.

Walipoondoka mkewe alirudi kwenye mashine. Aliuliza, bila kugeuka, rafiki zake walikuwa wanasema nini kirefu vile. Reki alifumba macho akasema wamemsalimia. Mkewe akatia uzi kwenye sindano, akavuta kitambaa cha bluu cha sare, akaendelea kushona, polepole, ili asikose kusikia kikohozi kikianza.