Oveni Isiyojizima

Nakumbuka mchana mmoja wa mgao wa umeme, mwanangu, mchana ambao watu wote walishangilia na mimi peke yangu nikatamani ardhi inimeze. Nakusimulia wewe kwa sababu umeanza kufungua friji na pasi za watu, na sitaki ujifunze jambo hili kwa njia niliyojifunza mimi.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Kiwanda nilichofanyia kazi kilikuwa kimepata mmiliki mpya, na wengi wetu tukapunguzwa. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na nne, mgeni Morogoro, kwetu Singida, na kazi niliyoijua ni moja tu: vipimo vya joto vya mashine za kukaushia. Nikaanza kutengeneza vitu vya majumbani pale Mwembesongo. Vijana wa mtaani wakaniita "fundi kanga." Leo nacheka, lakini wakati ule lilinichoma sana, na kuchomwa kule ndiko kulikonitia matatani.

Jirani yangu, Mama Zuhura, alikuwa akioka skonzi za kuuza sokoni. Kaka yake alimletea oveni ya mtumba kutoka Dubai, maana bidhaa zilikuwa zinaingia kila kona. Alikuwa pia anamuuguza mama yake mzazi, Bibi tu tulimwita, aliyeshushwa kutoka milimani Uluguru baada ya kupooza miguu. Chumba cha Bibi kilipakana na jiko.

Oveni ikaanza kujizima mapema. Skonzi zikawa zinatoka nyeupe, katikati mbichi. Nikaitwa. Nikapima nyaya, nzima. Nikapima koili, ule waya wa kupasha moto, nzima. Nikachomoa kihisi joto, kile kijiti cha chuma chembamba kinachokaa kwenye kona ya ndani, ambacho kazi yake ni kuiambia oveni kwamba joto limefika, jizime. Nikakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto huku nimekiunga na mita. Mshale haukusogea hata kidogo. Kimekufa. Mpaka hapo nilifanya kazi safi, wala sitajishusha bure.

Tatizo, kihisi kingine nilikuwa sina. Vijana wawili walikuwa wameegemea mlango wananitazama, wanangoja niseme nimeshindwa. Nikaunga nyaya moja kwa moja, oveni iwake bila kupitia kwenye kihisi. Maana yake, itapata moto na itazidi kupata moto mpaka mtu aizime kwa mkono.

"Imepona, fundi?" Mama Zuhura akauliza.

Nikasema imepona.

Nilijiambia nitatafuta kihisi kimya kimya, nirudi kukifunga nikisingizia nimekuja kukagua. Siku mbili sikupata raha. Nilipita uani kwake asubuhi na jioni nikinusa. Kwa bahati alikuwa bado na mazoea ya kusimama karibu na oveni, tangu ilipokuwa inamsumbua, basi skonzi zikibabuka anazitoa. Alidhani ni yeye hajaizoea upya.

Siku ya tatu umeme ukakatika asubuhi. Nikashusha pumzi. Nikaamua kwenda Bigwa kwa Mzee Mkude, aliyekuwa msimamizi wangu kiwandani, maana nilijua ana vifaa vya zamani. Njiani nikakutana na Mama Zuhura na wenzake wamejitanda kanga, wanakwenda msibani.

"Umeme umenikatikia skonzi zimo ndani," akaniambia. "Nimeziacha humo humo. Umeme ukirudi zitajimalizia, si inajizima yenyewe siku hizi?"

Nikafungua mdomo. Mwanangu, maneno yalikuwapo, yamefika hapa kooni. Lakini wenzake walikuwa wananitazama, na mmoja alikuwa ameanza kunisifia. Nikauliza tu, "Bibi yuko na nani?"

"Amelala. Nimefunga kufuli, wala sichelewi."

Nikajifariji kwamba mgao huwa mpaka magharibi, na mimi nitakuwa nimerudi kabla ya alasiri. Akaenda zake, nami nikashika njia ya Bigwa, nusu natembea, nusu nakimbia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Nikamweleza shida ya kihisi. Akavuta boksi lake na kuanza kupekua taratibu, nami nimekaa kama niliyekalia miiba. Bila kuinua kichwa akauliza, "Na sasa hivi inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Bila kihisi?"

Nikaanza kumsaidia kupekua boksi.

"Umeunga moja kwa moja," akasema.

Kabla sijajibu, redio ya jirani ikalia. Kisha watoto wakapiga kelele, kisha akina mama, nyumba kwa nyumba, "Umerudiii!" Unazijua kelele zile, hakuna asiyezipenda. Mzee Mkude aliweka boksi chini.

"Nani yuko nyumbani kule?"

"Bibi. Hawezi kutembea. Na mlango una kufuli."

Alinisukumia baiskeli yake. Nilishuka nayo kuelekea mjini kanga imefungwa kiunoni, breki sizigusi. Kila nyumba niliyoipita ilikuwa inapiga muziki, watu wanacheka vibarazani, na mimi nahesabu: koili sasa imeiva, sasa skonzi zimeungua, sasa ukuta. Niliomba Mungu kwa sauti, watu wakageuka kunitazama. Niliogopa mwanangu, sijawahi kuogopa vile, hata nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza katika shida.

Moshi ulikuwa unatoka dirishani. Majirani walikuwa wanagonga mlango. Nikakimbilia swichi kubwa ya barazani nikaishusha, mtu akavunja kufuli kwa jiwe, tukaingia tukikohoa. Kitandani Bibi hakuwepo. Tulimkuta sakafuni, mlangoni mwa jiko, viwiko vimechubuka vinatoka damu.

"Skonzi za mwanangu zinaungua," akasema. "Nimejikokota, nimeshindwa kufika."

Tukambeba mpaka uani. Ukuta wa nyuma ya oveni ulikuwa mweusi mpaka darini, na kabati la pembeni lilikuwa limeanza kushika moto. Wakalizima kwa ndoo za maji.

Mama Zuhura alikuja mbio, akanikumbatia huku analia. Majirani wakasema fundi kaokoa mtu. Wale vijana wawili walinipa mkono. Sikuwa nimewahi kusifiwa hivyo tangu nifike Morogoro, na ningeweza kunyamaza tena, hakuna ambaye angejua. Mzee Mkude akafika kwa miguu, jasho linamtiririka. Alizisikia zile sifa. Hakuzikanusha. Alinitazama tu.

Nikasema yote.

Mikono ya Mama Zuhura ikaniachia. Hakupiga kelele. Akauliza, "Njiani tulipokutana, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaenda kumwosha mama yake viwiko.

Mzee Mkude akanivuta kando. "Kukosa kifaa hakukuvui ufundi," akaniambia. "Mimi nimekosa vifaa maisha yangu yote. Lakini ungemwambia neno moja pale njiani, angerudi kuzima swichi."

Kihisi, kutoka boksi lile la Mzee Mkude, nilikifunga wiki iliyofuata. Mama Zuhura alinifungulia mlango, akatoka, akakaa nje mpaka nilipomaliza. Ulipita mwaka mzima kabla hajanikaribisha tena chai.

Basi mwanangu, kazi ukiiacha nusu, sema ni nusu, tena mwambie yule atakayelala karibu nayo. Usingoje upate kifaa ndipo useme. Watakucheka, ndiyo, mimi wamenicheka sana na bado nakula, nalala. Na ukishadanganya, geuka upesi, usitegemee mgao, usitegemee jioni. Bibi alikuwa anatambaa kuokoa skonzi wakati mimi naokoa jina langu.

Mungu akujalie mikono myepesi, akujalie na ulimi usioona haya kusema "bado." Na kila nyumba utakayoingia na bisibisi yako, wenyewe walale salama, waamke salama. Amina.