Laurentine na Meza ya Bwana

Laurentine hakuwa na picha hata moja ya kaka yake. Nyumba yao ya Uvira, karibu na mpaka wa Burundi, iliteketea na kila kilichokuwamo. Mtu akikuambia kumbukumbu hukaa moyoni, muulize kwanza yeye amepoteza nani.

Nilimfahamu mwaka 2004, tulipoanza kusali kwa Kiswahili pale Rågsved, huku Uswidi, katika ukumbi tunaoazimwa na Waswidi wakishamaliza kahawa yao. Siku za kazi alisafisha wodi katika hospitali ya Flemingsberg. Jumapili ya kwanza ya mwezi alioka mkate wa Meza ya Bwana, mimi nikimimina juisi ya zabibu kwenye vikombe vidogo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mimi ninayo ya kututosha sote wawili.

Mwaka 2011 Mchungaji Anastase alimuuliza kwa nini analia kila anaposhiriki. Laurentine, ambaye hajui kudanganya, akajibu:

"Pasta, pale munasemaka 'mwili uliotolewa kwa ajili yenu', miye ninaonaka Yaya Sébastien. Ni pale tu uso wake unakujaka."

Yaya, kwa Kiswahili cha kwao, ni kaka mkubwa, na habari ya kifo chake tuliijua. Askari walipogonga mlango, Laurentine, mwanawe mchanga na kaka yake walikuwa wamejificha darini. Sébastien akashuka, akawaambia yuko peke yake. Walimpiga risasi uani. Nyumba ilichomwa wiki ile ile, Laurentine na mtoto wakiwa njiani kukimbilia Burundi.

Mchungaji, Mrundi mwenye moyo mzuri na kichwa kigumu, aliingiwa na hofu. "Dada, hii meza ni ya Bwana, si ya marehemu wako. Hiyo ni ibada ya wafu." Akamsimamisha miezi mitatu, aombe mpaka amwone Yesu peke yake. Nilikasirika, lakini sikumtetea, na hilo sijajisamehe.

Miezi mitatu Laurentine alioka mkate asioula. Sahani ilipomfikia aliipitisha kwa jirani, macho chini. Alifunga, akaomba kwa bidii ile ile aliyosafishia wodi. Nikamshauri aseme tu kwamba hamwoni tena Sébastien, yaishe. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nidanganye mbele ya meza, Emérithe?"

Desemba alirudishwa. Alikula, akanywa, hakulia. Watu wakapiga vigelegele, wakamkumbatia.

Tukiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani aliniambia amefaulu, amemwona Yesu tu. Kisha akafumba macho.

"Alikuwa na kovu hapa," akasema, akigusa nyusi ya kushoto. Kidole kikahamia ya kulia. "Ao hapa? Emérithe, ninamutafuta, simuoni."

Nilimwambia uso wa Sébastien utarudi mwezi ujao. Mwezi ukafika, akashiriki, akanitazama kutoka kitini kwake, akatikisa kichwa. Ndivyo ilivyo hadi leo. Mchungaji Anastase bado humtaja kuwa mfano wa mtu aliyepona.