Tumbo la Mbuzi na Tumbo la Babu

Mwanangu, iko asubuhi moja ya Kakuma ambayo siisahau. Nilisimama ukingoni mwa laga, mto mkavu wa mchanga, nikimwomba Mungu babu yangu aende haja. Usicheke. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki, kwa hiyo nitakusimulia bila kuziba pua. Juzi nilikuona mezani kwangu hapa Lodwar ukimaliza nyama yote na kuitenga mboga pembeni ya sahani kama mgeni asiyealikwa, na tangu hapo sijatulia.

Najua nasaha huachiwa wenye mvi, nami bado sina hata moja. Tena mimi ni mtu wa kubishana na methali. Nikiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, huuliza: na mkuu asiyesikia la mdogo, yeye huvunjika nini? Kule Kakuma nilikaribia kulipata jibu, na lilinitisha.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, kazi sina, mdomo haupumziki. Mama yangu akanituma Kakuma nimwangalie baba yake, mzee Lokwawi. Babu alikuwa mfugaji maisha yake yote, mpaka kiangazi kikali kilipowapunguza wanyama wake, akajenga karibu na mji akabaki na mbuzi wachache. Nilimkuta amelala juu ya ngozi kivulini, tumbo limekaza kama ngoma. Alikuwa hajaenda haja kwa siku nyingi, na kwa haya ya kiume hakuwa amemwambia mtu.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akapiga picha, akasema hakuna uvimbe wa kutisha. Ni choo kilichokauka ndani ya utumbo. Alimpa dawa ya kulainisha, akamwagiza anywe maji ya kutosha, na aanze kula mboga na matunda, kidogo kidogo. Kisha akanivuta kando. "Tumbo likizidi kuvimba, au akianza kutapika, mrudishe mara moja. Pengine tutalazimika kumpasua."

Babu hakuwa na Kiswahili kingi, lakini neno hilo alilisikia.

"Nimepasua matumbo ya mbuzi tangu sijaota meno ya pili," alisema tulipofika nje. "Langu hapasui mtu."

Dawa alikubali. Maji aliyanywa kwa kununa. Mboga alikataa katakata.

"Mbuzi anakula majani, mimi nakula mbuzi," akasema. "Kila mmoja abaki na kazi yake."

Nami, kwa ujuaji wangu, nikamjibu kwamba basi aache nyama kabisa, hiyo ndiyo iliyomfunga. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Niache nyama niwe kama wewe? Shingo ya mbuni! Jana beberu mmoja amekukokota hadi kwenye miiba."

Ilikuwa kweli. Chuoni nilizoea chapati na chai asubuhi, chipsi jioni, na wiki ikipita bila yai wala maharagwe sikuona tofauti. Nilikuwa nikimhubiria mzee habari za mboga nilizosoma, huku magoti yangu yakitetemeka nikiinua mtungi wa maji.

Jirani yetu alikuwa Mama Achol, mama wa Sudan Kusini aliyeuza mboga kavu sokoni kule kambini kwa wakimbizi. Kila jioni alimletea Babu bakuli la mlenda, ambao wao huuita kudra, na kila jioni bakuli lilirudi lilivyokuja.

"Onja tu, mzee yangu," alimsihi. "Hata Yesu alikula mboga."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Lakini sijasikia alikuwa na tumbo kama hiyo yako."

Tulicheka, ila kicheko hakikwenda mbali. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Lokichoggio, malisho yameanza kuota, na wanaume walikuwa wakijiandaa kukutana, wale nyama pamoja na kubariki msimu. Mkubwa wao wote ndiye huongoza maombi, na mkubwa huyo alikuwa Babu. Hakuhofia kifo hata kidogo. Alihofia kulazwa juu ya meza na kufunguliwa kama mnyama wakati wenzake wamekaa duara wakimngoja.

Ndipo akaamuru mbuzi achinjwe ili ausome utumbo wake, kama walivyozoea wazee wetu, ajue mwisho wa ugonjwa. Mimi siamini mambo ya kusoma matumbo, na nilimwambia hivyo. Akasema sikuombwa kuamini, niliombwa kushika miguu. Nikashika.

Babu alijikongoja, akaketi kwenye kigoda chake, akautandaza utumbo juu ya majani. Alichunguza, kidole kikifuata mishipa. "Naona maji," akasema. "Naona njia. Kisu sikioni."

Nami sijui kunyamaza. Niligusa sehemu ya mwisho ya utumbo, palipopangana vidonge vidogo kama shanga.

"Na hapa, Babu?"

"Mavi. Chuoni hawakuwaonyesha?"

"Mbona yamejipanga vizuri hivi?"

"Kwa sababu amekula majani akanywa maji."

"Na wale mbuzi wa mwaka ule wa njaa, waliokuwa wakila maboksi na unga uliomwagika sokoni?"

"Wale?" Babu alitikisa kichwa kwa huruma. "Wale walijifunga. Ukimgonga mmoja tumboni, unasikia ngoma. Ukimshika unakuta..."

Akaishia hapo. Mkono wake wenye damu uliinuka polepole ukatulia juu ya tumbo lake mwenyewe. Mama Achol, aliyekuwa akikoleza moto, aligeuka upande wa pili, mabega yakimtikisika.

"Unaniita mbuzi?" Babu akaniuliza.

"Nauliza tu."

"Maswali yako ni kama nzi. Nikifukuza hili, lile limeshatua."

Lakini alitabasamu, nami nikaona mlango umefunguka. Nikamuuliza alikula nini alipokuwa kijana malishoni. Maziwa, akasema, na damu, na nyama siku ya sherehe. Na katikati ya siku? Alifikiri kidogo, kisha akaanza kutaja matunda ya porini moja moja, kama anayeita majina ya marafiki waliohama: edome nyekundu alizochuma akitembea, esekon tamu zenye ukali kidogo, makoma waliyotafuna hadi taya zikauma.

"Hayo hayakuwa chakula," akasema. "Yalikuwa ya kupita njiani tu."

"Babu, hayo ndiyo yaliyokuwa yakifungua njia."

Nikamweleza kwamba ndani ya matunda yale na mboga mna nyuzinyuzi ambazo tumbo halizisagi zikaisha. Zikikutana na maji hulainisha kinachopita na kukisukuma. Malishoni alizila bila kuzijua. Alipohamia mjini alibeba nyama na maziwa, akaongeza ugali mweupe wa unga uliokobolewa, na matunda akayaacha porini.

Babu alipangusa kisu kwenye majani. Halafu akanyoosha kisu kuelekea kwangu. "Nitakula kudra ya huyu mama. Nawe utakula maini haya, yote, nikikutazama. Nyama ndiyo inayojenga mwili. Wewe nyumba yako haina nguzo, mimi yangu haina mlango. Tusichekane."

Mama Achol akapika mlenda na kunde, akatia vipande vidogo vya nyama na kijiko cha siagi ya karanga. Babu alipotaka kumaliza bakuli ili yaishe, akalivuta. "Khalas, inatosha! Leo kidogo, kesho unaongeza. Tumbo iliyolala haiamshwi na kelele. Sasa maji."

Basi tukaenda hivyo siku kadhaa, yeye akimeza dawa na mboga, mimi nikimeza maini. Tumbo halikuvimba zaidi, lakini halikulegea pia. Asubuhi ile niliyoitaja mwanzo, nilikuwa nimeshampigia kijana wa bodaboda asubiri pale nje, nimeamua kumrudisha hospitali, na Babu amejua. Hakubishana. Aliinuka tu ghafla, akachukua fimbo yake, akateremka kuelekea vichaka vya laga. Mama Achol alishika rozari yake. Mimi nilishika simu. Jua lilipanda, yule kijana wa bodaboda akazima injini.

Kisha tukasikia wimbo.

Kila mwanaume wa rika la Babu ana wimbo wa fahali wake ampendaye, na wake sikuwa nimeusikia tangu ng'ombe wake waishe kwa kiangazi kile. Alitokea vichakani mikono ameiinua kama pembe, anaimba, fimbo imesahaulika huko nyuma.

"Ejok?" nikapaza sauti.

"Ejok nooi!" akajibu, na laga nzima ikajua kwamba mambo ni mazuri sana.

Mama Achol alipiga vigelegele mpaka watoto wa jirani wakatoka kuuliza nani ameolewa. Mimi nilikaa chini mchangani, nikacheka na machozi yananitoka. Kijana wa bodaboda alirudi zake bila abiria.

Babu aliongoza maombi ya msimu kwa sauti kamili. Nyama ilipogawiwa alinitupia kipande kinono, kisha akafungua pindo la shuka lake akanimiminia edome kiganjani. Yuko mpaka leo, na bado tunabishana.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kidole kimoja hakivunji chawa, na chakula cha aina moja hakijengi mtu. Nyama, maziwa, mayai, samaki wa ziwani, maharagwe na kunde vitakupa nguvu. Ukikosa nyama leo, maharagwe yatakusitiri, nayo yana nyuzinyuzi pia. Mboga, matunda na ugali wa mtama visikose kando yake, na maji usiyasubiri mpaka kiu. Usibadilishe sahani yako yote kwa siku moja, ongeza taratibu. Na tumbo likikusumbua, sema mapema. Usiwe na haya kama Babu.

Nami nakuombea kama Babu alivyotuombea siku ile ya msimu, nasi tukiitikia. Njaa imeondoka? Imeondoka. Maji yapo? Yapo. Mbuzi wameshiba majani? Wameshiba. Na mtoto huyu, njia yake iko wazi? Iko wazi, mwanangu. Iwe wazi siku zako zote.