Indentation ya code yangu ilivyomwacha mjane mochari Thika

Wakuu, habari zenu. Niko Ruiru. Hapa sitii chumvi, na ninajianika mwenyewe.

Mimi ni developer wa kujifunzia mtandaoni. Kikundi chetu cha welfare, cha kufaana kwenye misiba hapa Gatongora, kiliniomba system ya kuwatumia wanachama SMS. Secretary wetu, Mama Njoki mwenye duka Witeithie, anajaza fomu kwa simu, code yangu inapanga ujumbe na kutuma.

Sasa mimi napenda code nadhifu. Ujumbe ulikuwa mistari sita. Wa kwanza uligusa alama za kufungulia nukuu, mitano ya chini nikaisogeza ndani ilingane na code iliyoizunguka. Kwa macho, safi kabisa.

Tena nikaweka sheria: herufi 160 zikiisha, kata.

Kwa wasiojua, zile nafasi tupu za mbele, ndizo indentation, kompyuta inazihesabu kama herufi. Kumi na mbili kwa mistari mitano, sitini zimeenda bure.

Nilitest na maneno machache kwa namba yangu, ikafika. Nikajipiga kifua.

Halafu Mama Brayo, mwenzetu kutoka Vihiga, akafiwa na mume. Hana ndugu huku, ndugu zake ni sisi. Mwili ungetoka mochari Thika Jumamosi saa mbili asubuhi, moja kwa moja hadi Vihiga. Na kwenye kikundi chetu mjane hatoki mochari peke yake. Tunaimba, tunaomba, ndipo gari liondoke.

Mahali na saa vilikuwa mstari wa mwisho. Code ikaukata.

Sisi tukaona tu kuna kusindikiza Jumamosi. Kwa kuwa wengi huagiwa kanisani Ruiru, tukaenda huko. Mama Njoki peke yake ndiye aliyefika mochari, kwa sababu alijua alichoandika. Alipompigia chairman, sisi tulikuwa bado Ruiru, na gari la safari ndefu halingeweza kusubiri. Aliimba peke yake.

Jumapili kwa mkutano watu wakauliza. Nikasimama, mtaalamu.

"Mama, system inatuma tu kile umeweka. Labda hukumaliza kuandika."

"Niliandika, mwanangu," akasema. Kisha akaangalia mikono yake. "Ama labda ni hii vidole yangu."

Wakampa mtu mwingine kazi.

Jumanne nikaenda kwa mamangu, naye ni mwanachama, kunywa chai. Ana kabambe, simu ndogo ya vibonyezo; mimi kwa smartphone nilikuwa nimeisoma ile SMS juu juu tu.

"Na nyinyi, mbona mlinitumia SMS ya hewa?" akaniuliza.

Nikashika simu. Maneno mawili matatu, uwazi, maneno tena, uwazi. Mwisho sentensi imekatika. Nikaacha chai, nikaenda kufungua code.

Dawa yake ipo kwenye Python, lugha niliyoandikia code, inaitwa dedent. Inaondoa nafasi ambazo mistari yote inashiriki. Kwanza haikufanya kitu, maana mstari wangu wa kwanza haukuwa na nafasi hata moja, kwa hivyo hakukuwa na cha kushiriki. Nikaushusha chini ya zile alama ulingane na mingine, nikaongeza strip ya kufuta uwazi wa mwanzo na mwisho, ikakubali. Dakika kumi.

Aibu yenyewe inaanzia hapa. Nilinyamaza wiki mbili. SMS iliyofuata ikatoka safi, chairman akamsifu secretary mpya mbele ya watu, na Mama Njoki ameketi hapo.

Nilipiga makofi, wakuu.

 Kesho yake nikaenda dukani kwake nikamwambia yote. Hakupiga kelele.

"Mimi nilijua niliandika," akasema. "Lakini wewe ndio umesoma. Nikasema basi ni mimi."

Jumapili nikakiri mbele ya kikundi. Walimwomba arudi, akakataa kwa upole. Ila alikubali tumpigie Mama Brayo pamoja. Kabla sijafungua mdomo, Mama Brayo akauliza, "Kwani niliwakosea nini?"

Nilieleza habari ya nafasi tupu. Hata mimi nikijisikiliza ilikuwa upuuzi mtupu.

Nilichojifunza: ondoa indentation kabla ujumbe haujatoka, na test kwa kabambe ukiwa na maneno marefu. Na kabla ya kumwambia mama wa watu amekosea, fungua code yako kwanza.

Nipondeni, nimestahili. Lakini walio na hekima wanisaidie: Mama Brayo anarudi Gatongora mwezi ujao. Nikifika mlangoni kwake, naanza na neno gani?