Upande wa Mlimani

Sogea karibu, msikilizaji wangu, wala usiwe na haraka. Jambo lenyewe ni dogo: mtu apite upande gani wa barabara. Lakini mimi lilinichukua muda kulielewa, kwa hiyo nitakueleza polepole.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bigwa. Nilipanga chumba pale ambapo njia ya mlimani inakutana na lami. Mama yangu aliishi juu, mwendo wa saa tatu kwa miguu, akilima kabichi, karoti na njegere kwenye matuta ya ubavuni mwa mlima. Siku za soko aliteremka na wanawake wenzake sita, kila mmoja na tenga lake kichwani, mama akiwa mbele. Mimi niliwangoja mlangoni na birika la chai. Walichomoza kwenye ukungu mmoja baada ya mwingine, kwanza weupe wa kabichi, halafu uso, halafu kanga, na miguu mwisho. Mpaka leo nikifumba macho nawaona hivyo hivyo, wakijikamilisha kidogo kidogo mbele yangu.

Barabara ile niliijua ikiwa kimya. Nilipokuwa mdogo lilipita lori la ushirika, likapita basi, kisha ungeweza kukaa katikati ya lami ukachambua mboga. Halafu ikaja enzi ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Sabuni ilipatikana, nguo zilipatikana, na magari yaliyotumika ng'ambo yakaanza kushuka bandarini na kupanda kuja kwetu: mabasi madogo ya vipanya, pikapu, malori ya kila rangi. Yote yakaingia kwenye lami ile ile, pamoja na baiskeli za mkaa, mikokoteni, mbuzi na sisi. Tulifurahi, sikufichi. Wanunuzi wa Dar es Salaam walianza kumwulizia mama kwa kabichi zake. Ila hakuna aliyetuambia namna ya kukaa na mgeni huyu aendaye mbio.

Asubuhi moja mama aliondoka baada ya chai, na kabla sijafunga viatu kwenda shule alikuwa amerudi. Alishuka kwenye pikapu, mkono umeshika shingo, kanga imejaa kabichi zilizopasuka. Kioo cha pembeni cha pikapu hiyo kilikuwa kimepiga tenga lake kutoka nyuma. Hakuanguka, lakini shingo ilijipinda. Dereva, kijana mpole, alikuja nyuma yake.

"Shikamoo mwalimu," aliniambia. "Nimepiga honi mara tatu."

"Nilisikia," mama akajibu kabla yangu. "Mimi nilikuwa na mzigo. Wewe ulikuwa na mzigo gani?"

Kijana aligeuka akatazama nyuma ya pikapu yake. Ilikuwa tupu.

"Sina, mama."

"Basi."

Hapo ndipo inabidi nikueleze desturi yetu. Njia ya mlimani ina upana wa nyayo mbili. Upande mmoja ni mlima, unaweza kuugusa kwa kiwiko; upande wa pili ni korongo. Mwenye mzigo hushika upande wa mlimani, na asiye na mzigo ndiye anayempisha. Aliye nyuma hasukumi wala hapiti. Anasubiri mpaka njia ipanuke. Ni desturi nzuri, imewafikisha sokoni bibi zetu na mabibi wa bibi zetu. Mama aliichukua kama ilivyo, akateremka nayo, akaiweka juu ya lami.

Sasa fikiria pamoja nami. Ukitoka Bigwa kwenda mjini, mlima uko kushoto. Magari yetu nayo hupita kushoto. Kwa hiyo mwenye tenga anayeushika upande wa mlimani, magari yanamjia mgongoni, na shingo yenye tenga haigeuki. Jioni wakirudi, mlima uko kulia, magari yanawajia usoni, na tenga ni tupu. Ndiyo maana hapakuwa na aliyeguswa jioni. Mama hakuwa wa kwanza kuguswa, na wote waliopata mkasa waliupata asubuhi. Nilikuwa nimeishi kando ya barabara ile miaka, nikimwambia mama kila siku ya soko awe mwangalifu, na sikuliona hilo. Kumwambia mtu awe mwangalifu ni rahisi sana, hakumfundishi kitu.

Nilimchorea mchangani kwa kijiti: mlima, lami, gari, tenga, nikamwonyesha upande wa kulia wa kuhamia. Alitazama kwa heshima, kama mzazi anavyotazama daftari la mtoto.

"Upande huo wa pili hauna mlima," alisema. "Tutashika nini?"

Nilikitupa kijiti. Wiki ilipita, shingo yake ilikuwa bado inamuuma, naye alishasema kwamba Jumamosi, siku ya soko, atabeba. Mimi nilikuwa silali vizuri. Nilijua kwamba siku nyingine hakitakuwa kioo, litakuwa gari lenyewe, na nitamkuta mama yangu amelala pembeni mwa lami. Basi Ijumaa nilipanda mlimani, nikamwomba nimbebee tenga. Wenzake walicheka sana. Mmoja wao, jirani yake mwenye maneno mengi, aliuliza kama kichwa kilichozoea chaki kitaweza kabichi.

Tuliondoka gizani, na mwanga wa kijivu ukatukuta njiani. Mama aliniweka nyuma ya wote, yeye akafuata nyuma yangu, mikono mitupu. Sijui nikuelezeje mteremko ule. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka vifundoni, nami nilitazama visigino vya aliye mbele yangu vikiingia na kutoka, vikiingia na kutoka, hata nikaona kama tumesimama na mlima ndio unaopita. Maji yalisikika mahali fulani chini. Ubavu wa mlima ulinigusa bega la kushoto, wa baridi, wenye majani, na nikaelewa kwa nini mtu asingependa kuuacha.

Kisha tukakanyaga lami, na hali ile ya kama usingizini ikaendelea. Miguu haikujua kwamba njia imebadilika. Nyuma yangu nikasikia mngurumo. Nilitaka kugeuka, tenga likakataa. Mngurumo ulikuwa kila mahali, kulia, kushoto, ndani ya kifua. Lori lilipita karibu nami, upepo wake ukaninyanyua kanga, na karoti mbili zikaanguka.

Halafu nikaona kivuli kulia kwangu. Mama alikuwa ametoka nyuma akaja kutembea ubavuni mwangu, upande wa magari, mkono mmoja ameunyoosha kama anayezuia ng'ombe. Alitembea hivyo mpaka sokoni.

Tulipotua mizigo alikaa chini, akachukua njegere na kuanza kuzimenya bila kuzitazama.

"Nilikuwa nakuita. Ulisikia?"

"Sikusikia, mama."

"Na lori?"

"Nililisikia. Sikujua liko wapi."

Alimenya ganda jingine. "Kwa hiyo na mimi huwa yananijia hivyo."

"Kila siku ya soko, mama."

Aliendelea kumenya mpaka wanunuzi wakaanza kufika. Kisha akasema, "Siku ya soko ijayo tutavuka."

Namna ya kuvuka aliipanga yeye, si mimi. Alisema mstari ukivuka kama mstari, wa mwisho anaachwa upande wa pili akiwa peke yake. Kwa hiyo wasimame bega kwa bega mahali palipo wazi, pasipo na kona, wasubiri kimya kiwe kimya kweli, halafu waende wote kwa pamoja, na wakishafika ng'ambo ndipo wajipange tena. Jirani mwenye maneno alisema mwalimu amewahamishia mlima. Mama alimjibu kwamba mlima uko palepale, wanaohama ni wao wenyewe.

Nilisimama mlangoni nikawatazama. Walivuka. Asubuhi zile za mwanzo walitembea kwa woga, kama watu walio ukingoni, na mkono wa mama ulikuwa unapapasa hewani ukitafuta ubavu wa mlima usiokuwepo. Lakini gari lilipokuja alikuwa analiona, na dereva alikuwa anauona uso wake. Alitoka kwenye lami hatua mbili, likapita, akarudi.

Alibeba kabichi miaka mingi baada ya hapo, na shingo yake ilipona.

Nawe ukitembea kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, pita upande wa kulia, uyatazame magari yanayokuja, na likikaribia gari toka kwenye lami mpaka lipite.